Mngurumo Chini ya Wimbo

Masieda,
3 Februari 2025

Mume wangu Baba Abel,

Huku hatujambo. Mama yako amekujibu marahaba kabla hujamwamkia, anasema mwanawe anamjua kwa kusahau. Abel homa imemwacha, sasa anakula mpaka namficha sufuria. Mahindi yamefika magotini.

Nakuandikia badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Mtandao uko kule juu kilimani tu, na pale tunasimama wengi, kila mtu anasikia ya mwenzake. Juzi nilipata habari zote za ng'ombe wa mzee Yohanes na sikuuliza. Sulle konda amekubali kubeba barua zetu kwenye basi. Ukiwa na kifurushi mpe yeye.

Shida yangu ni ya kifundi. Kwaya yetu ya kigango inarekodi nyimbo kumi ili kabla ya Pasaka watu wawe nazo kwenye simu na redio zao. Mwalimu mpya wa kwaya, Yoakimu, ametoka Mbulu mjini na kompyuta yake na mikisa, ile mashine ndogo ya kuchanganya sauti. Umeme wa juzi ulirudi kwa nguvu ukachoma adapta ya mikisa. Mwalimu Yoakimu akapekua stoo ya kigango, akapata adapta nyingine nzito, ya kinanda cha zamani, akataka kuichomeka. Nikamshika mkono. Ile iliyoungua imeandikwa inatoa DC volti 15. Hii imeandikwa inatoa AC volti 12. Nimekaa kwenye meza yako miaka mingi, najua hizo herufi mbili si ndugu.

Mwalimu Yoakimu alishangaa sana. Akasema hajawahi kuona mwanakwaya anayesoma maandishi ya adapta. Nimepewa kuimba peke yangu wimbo mmoja, ule wa Kiiraqw wa kuomba mvua. Yoakimu anasema sauti yangu ilikuwa imelala tu, hakuna aliyeiamsha.

Tusaidie, baba. Hii ya AC tunaweza kuifanya itoe DC? Na kumi na mbili itafikaje kumi na tano?

Mkeo,
Evaline

~

Haydom,
7 Februari 2025

Mama Abel mpenzi,

Shikamoo ya mama hiyo hapa, usimnyime. Kibanda kinakwenda vizuri. Wanaouguza hospitalini wanatoka mbali, na chaja zao zinakufa njiani, basi mimi nakula.

Umefanya vema kumshika mkono huyo mwalimu, ingawa kazi ya kumshika mkono ingefanywa na mtu mwingine. Angeichomeka, mikisa ingekufa. Umeme wa AC unakwenda na kurudi, kama mtu asiyejua anaingia au anatoka. Mikisa inataka umeme wa kwenda upande mmoja. Diodi ndiyo mlango: inaruhusu kwenda, inakataa kurudi.

Kwenye kifurushi kuna diodi nne, waya wa risasi wa kuchomea na jeki mpya ya kuchomeka kwenye mikisa. Pasi ya kuchomea iko chini ya kitanda, kwenye boksi la redio ya marehemu baba. Mita ya kupimia umeme nayo imo humo. Kila diodi ina mstari upande mmoja. Mbili zikutanishe kwenye mistari yao, hapo ni chanya. Mbili zilizobaki zikutanishe kwenye ncha zisizo na mstari, hapo ni hasi. Halafu unganisha hizo jozi mbili ziwe kama fremu ya dirisha. Zile kona mbili zilizobaki ndizo zinazopokea waya za adapta, na hapo hakuna chanya wala hasi, upande wowote sawa. Hizo diodi nne zinatosha. Usiongeze kitu.

Kuhusu kumi na mbili kufika kumi na tano, usijisumbue. Itafika.

Sasa na mimi niulize. Huyo Yoakimu ana mke? Jina lake limejaa barua yako, langu nimelitafuta kwa tochi. Nimekusikia ukiimba jikoni tangu nikuoe. Sauti yako haikuwa imelala, mama. Ilikuwa inanipikia.

Wako,
Nicodemo

~

Masieda,
13 Februari 2025

Baba Abel,

Barua yako ilinichekesha, halafu baadaye haikunichekesha. Mwalimu hana mke, ana mama yake Mbulu na pikipiki. Nimekujibu.

Kazi nimeifanya mwenyewe mezani kwetu. Mwalimu alinishikia waya nikichomea, akaungua kidole, akajikaza mbele ya mama. Nilifuata maneno yako yote. Mikisa imewaka, taa zote, tukapiga makofi. Lakini kwenye spika kuna mngurumo. Ni mzito, hauondoki, uko chini ya kila sauti. Tukinyamaza unazidi kusikika.

Nimepima na mita upande wa DC. Haisomi kumi na tano. Inasoma tisa na kitu. Nimegeuza jeki, nimekaza waya, nimechomea upya, ni vile vile. Baba, kuna kitu kimesahaulika kwenye kifurushi? Nakuuliza taratibu. Nikiangalia zile diodi nne naona kama chakula kisicho na chumvi, ila sisemi zaidi, wewe ndiye fundi.

Tunarekodi Jumamosi ya wiki ijayo. Mwalimu ametuambia adapta mpya hata Mbulu hakuna, mpaka Arusha, na Pasaka yenyewe haitusubiri. Tumemtengea kila mtu saa yake. Jana mvua ilimkuta kwetu akala ugali na mama. Nakuambia mwenyewe ili usiambiwe.

Nijibu haraka juu ya mngurumo.

Evaline wako

~

Haydom,
17 Februari 2025

Evaline,

Umechelewa. Nimeshaambiwa.

Sulle amekuona kwenye pikipiki ya mwalimu Alhamisi, umekaa nyuma yake, umejifunika kitenge kile cha njano nilichokununulia mimi. Sulle si mwongo, na basi lina madirisha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Unaniandikia kwamba amekula ugali. Kwenye sahani ya nani? Amekalia kiti cha nani? Unaniandikia ameungua kidole. Mimi nimeungua vidole vyote kwa kazi hii na hujawahi kuniandikia kwamba nilijikaza. Nimekaa kwenye kibanda tangu asubuhi, mteja ananisemesha simsikii. Nimemrudishia mama mmoja simu ya mtu mwingine. Ndivyo nilivyo sasa hivi. Nina wivu, nakuambia bila kuzunguka, nina wivu mpaka chakula kimekuwa majani.

Mngurumo ni wa waya mbovu za huko kanisani. Au ni kompyuta yake. Mwambie mwalimu auondoe, si anaamsha sauti za watu? Kazi yangu haina kasoro.

Nataka utoke kwenye kwaya. Kuna kina mama wengi wenye sauti. Lucia aimbe huo wimbo wa mvua. Waambie kwamba mama anakuhitaji nyumbani, naye atakuunga mkono, ni mama yangu.

Nicodemo

~

Masieda,
20 Februari 2025

Baba Abel,

Umeniita Evaline kavu, kama mtendaji wa kata anayeita majina. Nimeona.

Alhamisi mama yako alibanwa na kifua tangu alfajiri. Hakutaka ujue, alisema utaacha kazi uje kumlilia bure. Mwalimu alimpakia mama mbele yangu, mimi nikakaa nyuma nikimshikilia asianguke, tukaenda zahanati. Sulle ameona kitenge, hakumwona mama katikati? Muulize vizuri anaangalia nini. Mama sasa anapumua vizuri. Nilikuwa nimemwahidi kunyamaza, wewe umenivunjisha ahadi.

Kutoka kwenye kwaya sitoki. Nilitoka shule nikafuata mahindi, nikatoka kwetu nikakufuata wewe, na ulipohamia Haydom nikabaki kumtunza mama bila kulalamika. Huu wimbo sitauacha. Nimeimba wakati nafua, wakati napalilia, na hakuna aliyeniambia nisimame mbele. Sasa nimeambiwa. Kilichonifurahisha ni hicho, si kidole cha mtu.

Mngurumo sikuulizi tena. Jumamosi tunarekodi, ukiwepo au usiwepo.

Mama Abel

~

Haydom,
24 Februari 2025

Mama Abel,

Nimemuuliza Sulle. Anasema basi lilikuwa linakimbia.

Mama apone. Nimemtumia dawa ya kifua na blanketi.

Lakini mama angeweza kupakiwa na mtu mwingine. Masieda ina bodaboda nyingi, kwa nini huyo huyo? Na wewe hukunijibu swali moja, ambalo labda sikuliuliza wazi: anakutaka au hakutaki? Umenijibu juu ya kitenge, juu ya mama, juu ya wimbo. Hapo umeruka.

Mita yangu nirudishie. Naihitaji kazini. Mpe Sulle.

Nicodemo

~

Haydom,
29 Aprili 2025

Mke wangu Mama Abel,

Mita ilifika siku ile imefungwa kwa kitambaa, bila barua. Nilikitikisa kile kitambaa kama mjinga. Tangu hapo ni mama tu anayenipigia kutoka kilimani, ananiambia hamjambo, halafu anasema upepo ni mkali anakata. Pasaka sikuja, nikasema kazi ni nyingi. Uongo. Niliogopa kukukuta unacheka.

Nina jambo la kukueleza, na ulisome mpaka mwisho.

Jumamosi siku ya mnada amekuja kibandani mzee mmoja, Gidahosh, mfugaji kutoka uwanda wa Hanang. Ameleta redio yake ndogo ya flashi anayoivaa shingoni akichunga. Akaniambia, "Fundi, redio hii iko na ugonjwa. Nyimbo zote inaimba vizuri. Ikifika kwa huyu mama mmoja, inanguruma." Nikaifungua. Sikusikiliza kwanza, nilifanya kama fundi mwenye haraka: nikabadilisha kapasita, nikasafisha waya, nikafunga. Nikamwambia sasa iko sawa. Akasema, "Washa tusikie."

Nikawasha. Nikasikia mngurumo, halafu juu yake nikasikia sauti yako.

Mama Abel, niliurudisha wimbo mwanzo nikausikiliza tena. Mzee aliniangalia akadhani nimeshindwa kazi. Akaniuliza, "Unamjua huyu mama?" Nikasema namjua. Akasema, "Basi umwambie anaimba vizuri sana, mimi ng'ombe zangu zinasimama zikimsikia. Ila siku nyingine aimbe mbali na mizinga ya nyuki."

Nilimwambia redio yake ni nzima, ugonjwa uko kwenye wimbo. Hakuniamini. Akaenda kwa fundi wa pili. Jumatatu akaja dada mmoja wa pale sokoni na spika yake, tatizo hilo hilo. Leo dereva wa bodaboda. Haydom nzima inaimba wimbo wako na inaniletea mimi niutibu. Kila redio nikiifungua ni nzima. Wanaondoka wakisema fundi huyu hajui.

Ule mngurumo naujua. Ni diodi nne bila kapasita ya kutuliza umeme. Niliishika mkononi ile kapasita siku nafunga kifurushi, kubwa, nzuri, nikairudisha kwenye droo. Nilitaka mashine yake imwaibishe. Nilitaka kwaya iseme mwalimu hajui kazi, arudi Mbulu na pikipiki yake. Sikufikiri kwamba kitakachoharibika ni sauti yako. Wivu haufikiri mbali hivyo.

Nimeifunga kwenye karatasi hii kapasita ile. Mguu wenye mstari pembeni ni hasi, uende kwenye hasi, ukikosea itapasuka. Najua imechelewa, wimbo umeshatoka. Nisamehe.

Na bado, mama, bado nakuuliza lile uliloruka. Nimejaribu kutokuuliza, nimeshindwa.

Nicodemo wako, ukimtaka

~

Masieda,
4 Mei 2025

Baba Abel,

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Nawe isome hii vivyo hivyo, usirukie chini kutafuta jina la mtu.

Kapasita yako nimeirudisha, iko humu. Sikuihitaji. Unakumbuka kabla hujanioa, nilileta redio ya kwetu kwako, nikakaa kwenye kile kigoda nikijidai nasubiri redio? Ulikuwa unatengeneza chaja ya mtu. Ukanieleza kwamba umeme ukishapita kwenye diodi unakuja kwa matone makubwa makubwa, na kapasita ni pipa chini ya bati: mvua inapiga na kuacha, lakini ukifungua bomba la pipa maji yanatoka sawasawa. Ukaniambia AC ikiandikwa kumi na mbili kilele chake kinafika kama kumi na saba, diodi zinakula kidogo, pipa linashika kilele, ndiyo maana mwisho unapata kumi na tano. Nilikuwa naangalia mikono yako, lakini na masikio yalikuwepo. Sasa leo unipe diodi nne bila pipa uniambie zinatosha?

Siku niliyosoma tisa na kitu kwenye mita nilijua. Nilikuuliza kama kuna kitu kimesahaulika ili nikupe njia ya kusema ndiyo. Ungejibu tu "nimesahau" ningekuamini kwa makusudi. Ulinijibu kwamba kazi yako haina kasoro.

Siku barua hiyo ilipofika nilifungua redio ya marehemu baba, nikatoa kapasita yake kubwa, mama mwenyewe akinimulikia. Akasema, "Mzee hasikilizi tena, chukua." Nikaichomea. Mita ikasoma kumi na tano na kitu. Spika zikawa kimya kabisa, mpaka tukasikia kuku nje. Nyimbo tisa tumerekodi hivyo. Zisikilize, hazina doa.

Wa kumi ni wangu. Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla ya zamu yangu, nilikata mguu mmoja wa kapasita kwa mkasi wa kushonea. Mngurumo ukarudi. Wenzangu wakasema umeme umeharibika tena, tungoje. Nikasema hakuna kungoja, naimba hivi hivi. Lucia mpaka leo anawaambia watu kwamba ule ni mvua, kwa kuwa wimbo ni wa kuomba mvua, nao wanaamini. Mimi nilijua Haydom watu hujaza nyimbo kwenye flashi, na wewe unakaa katikati yao. Nilikuwa na hasira, Nicodemo. Nilitaka uusikie wivu wako ulivyo, umekaa chini ya sauti yangu hauniachii hata nikinyamaza. Kwaya niliikosea, nao nitawaambia mwenyewe. Wewe sikukukosea.

Nilipomaliza nilirudishia ule mguu. Kazi hiyo naiweza.

Sasa lile nililoruka. Ndiyo, ananitaka. Aliniambia siku ile ya mvua, mama alipotoka kuangalia ng'ombe. Alisema mwanaume anayeacha mke mwenye sauti kama hii kijijini hajui alichonacho. Nilimjibu kwamba anajua sana, na kwamba asile tena mezani kwangu. Hakula tena. Alirekodi, akafunga kompyuta yake, tangu Pasaka yuko Mbulu, kwaya inafundishwa na mwenzetu Rogathe. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia ungeona neno la kwanza tu, usingefika kwenye jibu langu.

Kwa hiyo kwa Yoakimu hukukosea. Ulikosea kwangu.

Wimbo hauwezi kurudiwa, umeshasambaa. Nimeshausikia mpaka nimechoka nao. Lakini Abel ndiye anayenikatisha tamaa. Ameushika wote, anauimba asubuhi akienda kufungulia kuku. Na kabla hajaanza, anasimama, anafunga mdomo, ananguruma kwanza. Halafu ndipo anaimba. Nimemwambia hiyo si sehemu ya wimbo. Ananijibu, "Ipo, mama, mbona kwenye redio ipo."

Basi la Ijumaa lina nafasi. Njoo umweleze wewe ile ni nini.

Evaline